Kuvu inayokula karatasi na kuua bakteria: jinsi ya kuichuja bila kudanganywa na duara

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, mtambo wa kulikwangua, hutoa uzi ambao ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki, majimaji na nyama ya jani, hurundikwa nyuma ya mtambo na kuachwa kioze. Chukua kiganja kimoja cha rundo hilo likiwa na miezi kadhaa, kisambaze kwenye sahani za agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, na baada ya siku 4 utahesabu kuvu za kijani, nyeusi, nyeupe kama pamba, na pengine moja ya waridi ambayo hakuna mtu maabara anayeifahamu. Nyingi kati ya hizo zinaweza kula selulosi, kitu kinachojenga mimea na karatasi, kwa kiasi fulani, maana hapo zilipotoka hakuna chakula kingine cha kutosha. Na si haba zinazotoa kitu chenye kuzuia bakteria.

Kwa hiyo kupata kuvu yenye sifa hizo mbili ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua ipi inazo kweli. Majaribio yote mawili ya awali huishia kwenye kitu kilekile machoni, yaani duara angavu kuzunguka kuvu, na duara hilo linaweza kuletwa na mambo mengi yasiyohusiana na unachokitafuta. Ukifuatilia matokeo mabovu hadi chanzo chake, mara nyingi utakikuta kwenye kitu kidogo sana: kile kipande cha agari cha milimita 6 kilichotumika kuhamisha kuvu kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Kwa nini sifa hizi hukaa pamoja

Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, na minyororo hiyo imelala bega kwa bega ikashikana hadi maji hayapenyi kwa urahisi. Haiwezi kuingia ndani ya seli ya kuvu. Kuvu inalazimika kumwaga vimeng'enya nje, kazi ifanyike huko, kisha inyonye sukari iliyopatikana. Vimeng'enya hivyo vinagawana kazi. Endoglukanasi hukata mnyororo katikati, mahali palipolegea. Selobiohidrolasi huanzia kwenye ncha na kutembea ikimenya vipande vya glukosi mbilimbili, viitwavyo selobiosi. Beta-glukosidasi humaliza kwa kupasua selobiosi kuwa glukosi moja moja. Kikikosekana kimoja, kazi inakwama. Selobiosi ikirundikana, kwa mfano, inakizuia kimeng'enya kilichoitoa.

Sasa sukari iko nje, kwenye unyevu, na bakteria wamejaa pande zote. Ni sawa na kupasua dafu katikati ya uwanja wa watoto. Kuvu inayomwaga pia kitu cha kuwazuia bakteria inabaki na sehemu kubwa zaidi ya jasho lake. Haya ni maelezo yenye mantiki, wala si sheria: ziko kuvu hodari wa selulosi zisizozuia bakteria yeyote, na kinyume chake.

Historia inaonyesha pia kwamba sehemu ya kutafutia ni pale penye uozo. Trichoderma reesei, ambayo karibu aina zote zinazotumika viwandani kutengeneza vimeng'enya vya selulosi ni vizazi vyake, ilitoka kwenye turubai za pamba za jeshi la Marekani zilizokuwa zikioza katika Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuvu iliyotoa familia ya sefalosporini ilipatikana na Giuseppe Brotzu mwaka 1945 karibu na mdomo wa bomba la majitaka mjini Cagliari, Sardinia. Aina ya Penicillium iliyoinua uzalishaji wa penisilini huko Peoria, Illinois, mwaka 1943 ilitoka kwenye tikiti lililooza.

Kuitoa kuvu kwenye uchafu

Pima gramu 10 za sampuli uzitie kwenye mililita 90 za maji yaliyotakaswa yenye matone machache ya Tween 80, aina ya sabuni ya maabara. Bila Tween, spora za Aspergillus na Penicillium huelea juu kama vumbi na hesabu yako inakuwa ya kubahatisha. Tikisa dakika 20, kisha zimua mara kumi kumi hadi 10⁻⁴ au 10⁻⁵, na usambaze mililita 0.1 kwenye sahani.

Agari ya viazi inatosha: chemsha gramu 200 za viazi vilivyomenywa, chuja mchuzi wake, ongeza glukosi gramu 20 na agari gramu 15 hadi 20, ukamilishe lita moja. Takasa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15. Wanaotumia sufuria ya presha ya jikoni wakumbuke mwinuko. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, na sufuria inayoonyesha presha ya pauni 15 huko hufika kama nyuzi 118 tu. Muda uwe dakika 30. Sahani nyingi zinazolaumiwa kuwa zilichafuliwa na hewa zilitoka hivyo jikoni.

Agari ikipoa hadi nyuzi 50 hivi, tia kloramfenikoli miligramu 100 kwa lita ili bakteria wasiote. Kama sampuli imejaa Rhizopus au Mucor, ambazo hufunika sahani nzima kwa siku mbili, tumia agari ya Rose Bengal, ambayo huzibana zisitambae. Iweke gizani, kwa sababu rangi hiyo ikipigwa na mwanga hugeuka sumu kwa kuvu zenyewe, nawe utadhani sampuli haikuwa na kitu. Otesha kwa nyuzi 28, na anza kuchukua ncha za nyuzinyuzi za kuvu siku ya tatu, kabla spora hazijaanza kuruka.

Kipande cha agari na mzigo wake

Hapa ndipo pa kusimama. Mtu anakata kipande kwenye sahani ya viazi, anakipeleka moja kwa moja kwenye sahani ya selulosi au ya bakteria. Kipande hicho kimebeba vitu vitatu pamoja na kuvu.

Cha kwanza ni glukosi. Kuvu ikiwa na glukosi haihangaiki na selulosi. Protini iitwayo CRE1 kwenye Trichoderma, au CreA kwenye Aspergillus, hufunga jeni za vimeng'enya vya selulosi mpaka sukari rahisi iishe. Kuvu hodari itaonekana goigoi kwa siku mbili za mwanzo, na hizo ndizo siku unazopima. Glukosi hiyohiyo huzuia pia utengenezaji wa penisilini. Ndiyo maana Peoria walitumia laktosi, ambayo huliwa polepole, pamoja na maji yanayobaki mahindi yanapolowekwa viwandani kutengeneza wanga.

Cha pili ni wanga wa viazi, ambao utavuruga jaribio lolote linalotumia iodini.

Cha tatu ni kloramfenikoli. Weka kipande chenye dawa hiyo juu ya Staphylococcus au E. coli, utapata duara zuri, safi, lenye ukingo mkali. Ni antibiotiki kweli, ila umeiweka wewe.

Dawa ya yote ni moja. Hamisha kuvu mara mbili mfululizo kwenye agari isiyo na kloramfenikoli. Kwa jaribio la selulosi usihamishe kipande kabisa. Osha spora kwa maji yenye Tween, zihesabu, na udondoshe mikrolita 5 za spora milioni 1 kwa mililita katikati ya sahani. Ukizichanganya na agari laini ya asilimia 0.2, tone halitatawanyika. Kuvu isiyotoa spora ioteshwe kwanza kwenye agari ya maji matupu, ifike ukingoni ikiwa na njaa, ndipo ukate.

Sahani ya selulosi

Selulosi halisi haiyeyuki, kwa hiyo mchujo wa kwanza hutumia kaboksimethiliselulosi, ambayo kila maabara huiita CMC. Kwa lita moja: CMC gramu 10, nitrati ya sodiamu gramu 2, fosfati ya dipotasiamu gramu 1, salfati ya magnesiamu gramu 0.5, kloridi ya potasiamu gramu 0.5, chembe ya salfati ya chuma, agari gramu 15. Usimwage CMC yote kwa mpigo, hufanya mabuja kama ugali uliokorogwa na mvivu, na mabuja hayo hayavunjiki hata kwenye otoklevu, mtambo wa kutakasia kwa mvuke. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka, au iloweshe kwanza na ethanoli kidogo.

Ongeza Triton X-100, sabuni nyingine ya maabara, mililita 1 kwa lita ili kuvu isitambae. Otesha siku 3 au 4, usingoje wiki. Kuvu ikishafika ukingoni mwa sahani duara halionekani tena, na sahani zote zitakuwa zimesafishwa sawasawa, ya kwanza na ya mwisho hazitofautiani. Andaa kila kuvu sahani pacha, kwani ukishamwaga rangi, spora huelea na kusambaa, na kuvu uliyotaka kuitunza imekwenda na maji.

Njia ya Teather na Wood ya mwaka 1982 ndiyo inayotumika hadi leo. Mwaga Congo red ya gramu 1 kwa lita, subiri dakika 15, mwaga nje. Kisha chumvi ya kawaida ya mola 1, yaani gramu 58.4 kwa lita, dakika 15, mara mbili. Rangi hushika CMC ambayo haijakatwa. Palipokatwakatwa huoshwa na kubaki njano hafifu. Vaa glavu, rangi hii ni ya jamii ya benzidini na inashukiwa kuleta saratani, na usiimwage kwenye sinki. Iodini ni ya haraka zaidi: iodini gramu 1 na iodidi ya potasiamu gramu 2 kwenye maji mililita 300, dakika 3 hadi 5.

Kabla ya kupima, angalia rangi ya duara. Aspergillus niger hutoa asidi nyingi, na Congo red chini ya pH 3 hugeuka buluu. Duara la buluu au zambarau linakwambia pana asidi. Halijakwambia neno juu ya selulosi.

Wengi hugawa kipenyo cha duara kwa kipenyo cha kuvu na kupanga washindi kwa namba hiyo. Ina upendeleo. Kuvu yenye kipenyo cha milimita 12 na duara la milimita 30 inapata 2.5. Nyingine yenye milimita 45 na duara la milimita 54 inapata 1.2 na kuonekana hovyo. Piga hesabu ya eneo lililosafishwa nje ya kuvu: ya kwanza milimita za mraba 594, ya pili 700. Kigezo cha uwiano hupendelea kuvu zinazokua polepole. Andika vipimo vyote viwili, uwiano uutumie kulinganisha ndugu wa spishi moja tu.

Hata likiwa la kweli, duara la CMC ni ushahidi wa endoglukanasi peke yake. CMC inayeyuka na haina ile mishikamano iliyopangika ya selulosi ya kweli. Ziko kuvu zinazosafisha CMC yote na hazigusi karatasi.

Karatasi ndiyo mwamuzi

Kata karatasi ya chujio ya Whatman namba 1 vipande vya sentimita 1 kwa 6, kila kimoja huwa karibu miligramu 50. Kitie kwenye neli yenye mililita 10 za chumvi zilezile bila CMC, nusu kizame, nusu kibaki hewani. Pandikiza spora. Uoze huanzia kwenye mstari wa maji na hewa, karatasi inalainika, inakuwa na mashimo, halafu inakatika hapohapo. Kuvu hodari huikata ndani ya wiki mbili. Weka neli isiyo na kuvu, na itikise kwa nguvu ileile unayotikisia nyingine, kwa sababu karatasi iliyolowa wiki tatu huweza kukatika kwa mkono mzito.

Zitakazofuzu ndizo za kupima kwa namba. Otesha kwenye chupa ya mililita 250 yenye mchuzi mililita 50 na maganda ya muwa yaliyosagwa asilimia 1, siku 5 hadi 7, ukizungusha mara 150 kwa dakika. Chuja. Jaribio la kawaida lililoandikwa na Ghose mwaka 1987 huenda hivi: karatasi miligramu 50, bafa ya sitrati mililita 1 ya pH 4.8, kimiminika cha kimeng'enya mililita 0.5, nyuzi 50 kwa dakika 60. Ongeza mililita 3 za DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari, chemsha kwa nguvu dakika 5 kamili, poza, zimua, soma rangi kwenye nanomita 540.

Mambo mawili huharibu jaribio hili kila siku. La kwanza, mchuzi wenyewe una sukari tayari. Lazima kuwe na neli yenye kimeng'enya bila karatasi, na thamani yake itolewe. La pili ni kutumia kanuni mahali isipotumika. Kipimo cha FPU, yaani nguvu ya kimeng'enya kwenye karatasi ya chujio, ni 0.37 ikigawanywa kwa kiwango cha kimeng'enya kinachotoa hasa miligramu 2.0 za glukosi. Hiyo 0.37 inatokana na miligramu 2.0 kuwa mikromoli 11.1, zigawanywe kwa mililita 0.5 na dakika 60. Uhusiano wa kimeng'enya na sukari hapa haunyooki, kwa hiyo huwezi kupata miligramu 0.4 ukaikuza kwa kuzidisha. Mchuzi mwingi wa mchujo wa kwanza haufiki 2.0 hata bila kuzimuliwa. Basi andika miligramu za sukari zilizotoka, uache FPU.

Sahani ya bakteria

Hapa kuvu ipewe muda. Antibiotiki nyingi hutengenezwa ukuaji ukishapungua, hivyo mchuzi wa siku 4 unaweza kuwa mtupu na wa siku 12 ukawa na kitu. Otesha siku 10 hadi 14, na chukua sampuli kila baada ya siku 2.

Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4, yaani kama mililita 25 kwenye sahani ya milimita 90. Ikiwa nyembamba, duara hutanuka bure. Maji yenye bakteria yalinganishwe na ukungu wa McFarland 0.5, kipimo cha wingi wao: kloridi ya bari ya asilimia 1.175 mililita 0.05 ndani ya asidi ya salfuriki ya asilimia 1 mililita 9.95. Paka kwa kijiti cha pamba pande tatu ndani ya dakika 15. Weka vipande vya agari vya milimita 6, au toboa visima na utie mikrolita 50 hadi 100 za mchuzi. Acha kwenye jokofu saa 2 ili dawa itembee kabla bakteria hawajaamka, kisha nyuzi 35 kwa saa 18.

Duara likitokea, anza kulishuku. Pima pH ya mchuzi kwanza. Ukiwa 3, umewaua bakteria kwa asidi, kama siki ingefanya. Rekebisha hadi 7 ujaribu tena, pamoja na kisima cha mchuzi usio na kuvu uliotiwa asidi kufikia pH ileile.

Halafu kuna hidrojeni peroksaidi. Penicillium na Aspergillus kadhaa hutoa kimeng'enya cha glukosi oksidasi, ambacho kikikuta glukosi na hewa hutengeneza peroksaidi, na peroksaidi huua bakteria vizuri tu. Watafiti wa penisilini miaka ya 1940 waliwahi kukutana nacho na kukipa jina la notatini, wakidhani wamepata antibiotiki ya pili. Jaribu kwa kuongeza katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, kwenye kisima. Duara likitoweka, umejua. Na angalia tena: glukosi iliyolisha kimeng'enya hicho pengine ilikuja na kile kipande cha agari.

Likibaki, ongeza penisilinasi, kimeng'enya kinachovunja penisilini, kwenye kisima kingine. Duara likifa, una dawa ya jamii ya penisilini, ambayo dunia inayo tangu Fleming alipoiona katika hospitali ya St Mary's, London, mwaka 1928.

Swali gumu huja mwisho: kinachoua bakteria kinaua nini kingine? Patulini ilipimwa Uingereza wakati wa vita kama tiba ya mafua, leo inadhibitiwa kama sumu kwenye juisi ya tufaha. Sitrinini huharibu figo. Gliotoksini huua seli za kinga. Zote hutoa maduara mazuri. Toa dawa kwenye mchuzi kwa ethili asetati ya ujazo sawa mara tatu, ivukize chini ya nyuzi 40, iyeyushe kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, na kisima cha DMSO tupu kisikosekane. Kisha ipime kwenye seli za mnyama au angalau kwenye viluwiluwi vya kamba wadogo wa Artemia kabla ya kumtangazia mtu.

Ukubwa wa duara usikupe haraka pia. Molekuli nzito hutembea polepole kwenye agari, ikatoa duara jembamba ilhali ni kali. Kipimo cha nguvu ni kiwango cha chini kinachozuia ukuaji, kwa kuzimua mara mbili mbili kwenye sahani ya visima 96.

Ikishinda kote

Kuvu inayoongoza kwenye karatasi na kwenye bakteria, hasa ikitoka kwenye mboji ya moto au maganda ya muwa, inaweza kuwa Aspergillus fumigatus. Hula selulosi vizuri, hutoa gliotoksini, na spora zake huingia mapafuni na kuota kwa watu wenye kinga dhaifu. Otesha sahani moja kwa nyuzi 45. Kuvu nyingi zitagoma, na itakayoendelea kutanda na spora za kijani cha kijivu isifunguliwe mezani tena. Ya kijani cha manjano nayo iangaliwe kwa jicho lilelile, maana Aspergillus flavus ndiyo mama wa sumukuvu ya mahindi iliyoua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004.

Utambuzi kwa kipande cha DNA kiitwacho ITS pekee hautoshi kwa kuvu hizi. Trichoderma inahitaji jeni ya tef1, Aspergillus kalmodulini, Penicillium beta-tubulini.

Na usiihamishe kuvu sahani hadi sahani mwaka mzima, nyingi hupoteza uwezo wa kutoa dawa baada ya mahamisho machache. Siku ileile iliyofuzu, kata vipande kumi kutoka ukingo wa sahani changa, vitie kwenye chupa ndogo ya maji yaliyotakaswa, kaza kifuniko. Kwa joto la chumba kuvu nyingi hukaa hivyo miaka kadhaa. Kama pana friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, weka na nakala nyingine kwenye gliseroli ya asilimia 20.